Kifuniko cha Shokapu

Mimi ni fundi wa shokapu za pikipiki, na mdomo wangu hauna breki. Muulize mke wangu. Wote wanaopenda kulaza pikipiki kwenye kona za mlimani hupita mikononi mwangu. Kazi yenyewe si uchawi. Skrubu ya shokapu ya nyuma naikaza mpaka mwisho, kisha naifungua nikihesabu inavyolia: tiki, tiki, mpaka nane. Nikimaliza, narudishia kifuniko chake cha mpira.

Asubuhi ile ilikuwa zamu ya binti yangu, kifungua mimba. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeikaza skrubu ya pikipiki yake aliponiambia anapanda mpaka kileleni na atarudi kabla ya chakula cha mchana.

"Kwani unakimbizwa na nani?" nikamfokea. Nikaanza: mwendo, kona, mifupa ya watu.

"Haya baba, nimesikia. Na jana pia nilisikia." Akacheka, akavaa helmeti, huyoo!

Nikageuka kukusanya vifaa, bado nanung'unika. Kifuniko cha mpira kilikuwa mezani.

Sikuwa nimefungua hata tiki moja. Shokapu iliyokazwa hivyo ikibonyea haiinuki upesi. Kona ya tano ina lami yenye mawimbi, na hapo tairi la nyuma lingeteleza tu. Ng'ambo ya kona ya tano ni korongo.

Nikampigia simu. Haipokelewi. Nikapiga tena. Nikakitia kile kifuniko mfukoni, nikarukia pikipiki ya mteja, mimi ambaye sijapanda mlima ule miaka kumi kwa woga. Kona ya kwanza, hayupo. Ya pili, hayupo. Kila nilipoona alama ya tairi ukingoni, nilichungulia chini. "Ee Mungu, mwanangu," nilikuwa nasema kwa sauti, kama mwehu.

Kabla tu ya kona ya tano nikamwona, amechuchumaa kando ya pikipiki yake, bisibisi mkononi.

"Sita... saba... nane," alikuwa anahesabu. Akainua uso, umempauka. "Baba, nyuma ilikuwa haiinuki. Nikajua umeacha kazi katikati."

Nilitaka kumwomba radhi, midomo ikacheza tu. Nikamnyooshea kifuniko, kikaniponyoka, nikakifuata kwa magoti barabarani.

Akakiokota yeye, akakirudisha mahali pake. Kisha akavua helmeti yake, akanivalisha mimi. Nilikuwa nimepanda njia yote ile kichwa wazi.

"Kwani unakimbizwa na nani, baba?" akauliza, na sote wawili tukaangua kilio.