Siafu Kutoka Kiunoni

Mama yangu anajua Kiswahili cha sokoni. Miaka yote ameuza ndizi zake Tengeru bila mkalimani, lakini maumivu huyasema kwa Kimeru. Kwa hiyo mguu ulipoanza kumsumbua, mimi ndiye niliyepanda naye hospitali ya Nkoaranga kila mara kumpeleka kwa daktari.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Tamathali za semi nilizifundisha kama nilivyofundishwa: tashbihi, sitiari, tashihisi, maana yake, mfano mmoja, tuendelee. Wanafunzi walipigia mistari, wakaandika majina pembeni, na mtihani wakafaulu. Niliwaambia lugha ya picha hupamba kazi ya fasihi. Neno hilo, kupamba, sikuwahi kulitilia shaka.

Safari ya kwanza mama alieleza kwa kirefu, mkono ameuweka gotini. Alipomaliza nikamwambia daktari kwamba goti linamuuma. Sikukusudia kumpunja. Foleni nje ilikuwa ndefu, nami nilidhani daktari anataka habari, hana haja na mapambo. Goti likapimwa, tukapewa vidonge na dawa ya kuchua. Wiki tatu baadaye tulirudi, mama akaeleza tena, nami nikasema goti bado.

Safari ya tatu hakukubali kukaa. Alinishika mkono kabla sijafungua mdomo.

"Kila siku nasema maneno mengi, wewe unasema mawili," aliniambia kwa Kimeru. "Mengine unayapeleka wapi?"

Niliona aibu. Nilimwomba daktari radhi, nikamweleza kwamba mama anataka maneno yake yafike kama yalivyo. Daktari alikuwa dada wa umri wangu, na tulipoingia alikuwa amemwamkia mama shikamoo. Akaweka kalamu chini. Mama akawa anasema kidogo, ananyamaza, ananingoja nigeuze.

"Anasema ni kama siafu," nilisema. "Wanatoka kiunoni wamejipanga mstari, wanashuka nyuma ya paja, wanapita pembeni mwa goti bila kusimama, mpaka kidole gumba. Akikohoa, wanamuuma wote kwa pamoja."

Daktari hakucheka. Alimwomba mama alale chali, akauinua mguu ukiwa umenyooka, na kabla haujafika mbali mama akauma midomo. Akatuambia goti ni zima, ila kuna mshipa wa fahamu unaobanwa mgongoni. Alimwonyesha mazoezi ya kufanya nyumbani na kumkataza kubeba mikungu ya ndizi.

Tukiwa njiani nilimwambia mama kwamba alivyosema vile kuna jina lake shuleni. Alishangaa kusikia watu wanakaa darasani kufundishwa jambo hilo.

"Mimi nilisema tu unavyouma," alisema.

Wiki ile niliandika sentensi mbili ubaoni: Mguu unamuuma, na chini yake ile ya siafu, bila kusema ni ya nani. Nikawauliza kidato cha tatu ya pili ina nini ambacho ya kwanza haina. Wakashika kalamu, wakisubiri niwape jibu la kuandika. Mwishowe msichana aliyekaa karibu na dirisha akainua mkono.

"Njia, mwalimu. Kwenye ya kwanza hujui maumivu yanatoka wapi wala yanaenda wapi."

Mwingine akasema siafu hata ukimtoa mmoja, wengine bado wanakuja, kwa hiyo huyo mgonjwa amechoka. Kumbe hilo mimi mwenyewe nilikuwa sijaliona, na mgonjwa ni mama yangu. Neno tashbihi tuliliandika mwisho kabisa, kengele inalia, na mada niliyopanga kuimaliza siku ile ikabaki nusu.

Mama hajapona kabisa. Asubuhi nyingine hunipigia simu kunieleza mguu umeamkaje, nami huweka kando madaftari ninayosahihisha, nikamsikiliza mpaka amalize.