Mzigo wa Kimya Hatubebi

Siku hizo nilikuwa kiongozi wa mahamali pale forodhani. Kazi yangu kupatana bei na kuanzisha wimbo. Kanisa la Wagoa likaletewa picha kutoka ng'ambo, kubwa kuliko mlango wa nyumba yetu mara mbili. Niliipima kwa mikono, nikarudia. Watu wa forodha walikuwa wamebandua mbao za juu za sanduku lake kukagua, kwa hiyo kila mtu alimwona walii wao: mzee wa joho jekundu, wingu jeusi nyuma yake, vitoto vyenye mabawa juu, macho mbinguni, mikono kaitanua kama mtu aliyetajiwa bei ya ufidhuli. Nikampenda papo hapo.

Toroli haikumtosha. Tukamtia mabegani, watu kumi na wawili. Nikavuta wimbo wetu wa kumswalia Mtume, wenzangu wakaitikia, miguu ikaenda pamoja.

Karani wa kanisa akatukimbilia mbele. "Nyamazeni! Huyu ni mtakatifu. Apite kimya."

Tukajaribu. Hatua chache tu, wa nyuma wakawasukuma wa mbele, sanduku likakwaruza ukuta, mwenzetu mmoja akaponea chupuchupu. Kuna mtu wetu siku za nyuma alikuwa amepondwa mguu kwa mzigo wa kimya, na hadi leo anachechemea. Nikasema, "Tueni!"

Tukamtua katikati ya uchochoro. Muuza kahawa akakwama huku, wachukuzi wa maji kule.

"Nitaita wengine," karani akasema.

"Waite, bwana. Nao huimba."

"Basi imbeni mpaka ile kona, kisha mnyamaze."

"Kwani akipita kona atakuwa mwepesi?"

Muuza kahawa akacheka. "Ewe karani, mwache mzee wako asikie sauti za watu, katoka mbali!"

"Imbeni polepole, basi."

"Polepole twaweza. Kimya hatumbebi."

Akapunga mkono kama afukuzaye nzi. Tukainua.

Mlangoni pa kanisa palikuwa na ngazi, na padri kasimama juu anatungoja. Karani akajiwekea kidole mdomoni, macho kanitolea. Nikazitazama ngazi, nikaitazama miguu ya watu wangu, nikapaza sauti kuliko nilivyoanza. Wakaitikia mpaka madirisha yakatetema. Tukapanda, tukaingia, tukamsimamisha ukutani. Nikaihesabu miguu: ishirini na minne. Nikahesabu tena.

Walii alikuwa vilevile, mikono kaitanua. Sikumsikia akilalamika.