Honi Ilipolia, Tulibeba Madumu

Wifi yangu ni msusi. Kaka yangu aliyetuunganisha ameshazikwa, lakini wifi bado ni wifi, na atakayeniambia vinginevyo aje nimpe jibu lake. Mkono wake mwepesi. Ukikaa kwenye kile kiti chake cha plastiki utasinzia, uamke kichwa kimeisha. Maneno ndiyo hana. Mimi nauza mitumba mlango wa pili, nasema kwa niaba yetu sote wawili, na hatujawahi kugombana.

Saluni yake iko juu kabisa ya mtaa, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda mtoni. Ndiyo maana serikali walipoleta king'ora cha mafuriko walikifunga juu ya paa lake. Siku hiyo kulikuwa na turubai, viti vya kukodi, hotuba na utepe wa kukata. Afisa wa maafa akamwelekeza wifi kazi yenyewe: ofisi ikiona mto umejaa huko juu itampigia simu, yeye atabonyeza kitufe kilichopo ukutani, na watu watapanda mlimani. Mafunzo ya mtaa mzima, akasema, wiki ijayo. Hiyo wiki ijayo tunaisubiri mpaka leo.

Basi king'ora kikakaa, sisi tukakiita honi. Na kitu kikikaa bure mtaani kwetu hakikosi kupewa kazi. Kwanza tuliitumia kwa mtoto aliyepotea, akapatikana. Kisha mwenyekiti wa mtaa akaiomba kwa ajili ya harusi ya mwanawe, na nani angemnyima? Halafu mabomba yakakauka. Ofisi ya maji ikaanza kutuletea boza, lile lori la tangi, nalo likawa linasimama kule chini darajani kwa sababu huku juu haliwezi kugeuza. Ukichelewa unakuta wenzako wamemaliza maji. Tukamwambia wifi, we si una honi, boza likifika bonyeza basi! Dereva wa boza akawa anampigia simu yeye. Afisa wa maafa mwenyewe alipita siku moja akaikuta inalia, sisi tunateremka na madumu yetu. Akacheka, akasema angalau ameona betri ni nzima. Akapanda gari akaenda zake.

Ikawa ndivyo. Honi ikilia, shika dumu, teremka. Hata watoto wadogo walijua.

Siku ya mafuriko kwetu hakukunyesha hata tone. Mvua ilikuwa huko juu mto unakotokea. Ilikuwa mchana, wifi anasuka, kichwa cha mteja kiko nusu. Simu haikulia. Akatupa macho dirishani akaona mto umebadilika rangi na unaleta mti mzima na mizizi yake. Akamwacha mteja, akakimbilia kitufe, akabonyeza.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimekwenda kuchukua mzigo wa nguo, kwa hiyo haya ni ya kusimuliwa. Amenisimulia mara moja tu, bila kupandisha sauti. Anasema alibonyeza huku amenyoosha shingo mlangoni, akaona watu wanatoka. Wanatoka na madumu. Wanateremka wanataniana, huyu anamwambia yule leo hunipiti. Wifi akapiga kelele pandeni juu, pandeni juu, lakini honi ilikuwa inammeza sauti. Akiiachia ili asikike, ndiyo hakuna tahadhari. Akiendelea kubonyeza, anawaita chini. Kaka yangu naye akatoka kwenye banda lake la kutengeneza makochi, nywele zimejaa vumbi la sponji, dumu kila mkono. Akainua moja juu akampungia mkewe, kama kusema nimekusikia, mama, naenda. Akateremka. Wifi akaachia kitufe akamkimbilia, na alipofika katikati ya mteremko daraja lilikuwa halipo.

Kaka yangu tulimpata siku ya tatu. Wengine hawakupatikana.

Wifi hakulia msibani. Watu wakasema ana roho ngumu, na niliwajibu vizuri tu, wananijua. Roho ngumu ndiyo nini? Alikuwa amekufa ganzi. Ukimpa chai anakunywa, usipompa haulizi. Arobaini haijafika akafungua saluni. Mabomba bado yalikuwa makavu, boza likawa linasimama palepale pembeni ya mto, dereva akampigia simu kama zamani, naye akabonyeza kama zamani. Na sisi tukateremka. Mnashangaa? Mtu mwenye kiu hana aibu. Niliteremka na mimi, nimejaa hasira, sijui hata nilikuwa namkasirikia nani.

Ndipo afisa wa maafa akasema redioni kwamba ofisi yake ilimpigia simu mhusika, king'ora kililia, wananchi wakakaidi. Kha! Wakakaidi! Kwa maneno hayo, waliobomolewa nyumba na mto na sisi tuliofiwa tusingepata kiwanja hata cha kuegesha baiskeli. Serikali ilikuwa imesema viwanja vya mlimani ni vya watu ambao tahadhari haikuwafikia. Na tume ya uchunguzi ilikuwa njiani.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Mwenyekiti wa mtaa akatuita uani kwake, akasema jamani, lugha iwe moja: honi haikulia. Ilikuwa mbovu. Tukaitikia wote. Nami niliitikia, tena kwa sauti, maana nilimtakia mtoto wa kaka yangu kile kiwanja. Wakamgeukia wifi, yeye ndiye mwenye kitufe. Akatikisa kichwa kukubali. Sikumuuliza kama ameelewa anachokubali.

Lakini uwongo wa watu wazima una watoto nyumbani. Kesho yake Kidoti, binti wa wifi na kaka yangu, wa darasa la sita, alirudi kutoka shule akasimama mlangoni pa saluni na begi lake mgongoni. Siku ya mafuriko alikuwa kwa bibi yake mzaa mama. Hakuona wala hakusikia chochote.

"Mama, wanasema honi haikulia kwa sababu ulikuwa umelala."

Wifi alikuwa anaosha vitana.

"Wanasema ungeamka baba asingekufa. Ni kweli, mama?"

"Kaoge," wifi akasema. "Chakula kiko jikoni."

Mtoto aliponiangalia mimi nilisema usiwasikilize hao, mwanangu, nikaona hilo halikumsaidia kitu. Alipokwenda nikamshukia wifi. Sema kitu basi! Mwambie mtoto ulibonyeza!

"Nikimwambia nilibonyeza," akasema, "ataniuliza baba yake alikwenda wapi."

Akisema haikulia, kwa mwanawe yeye ni mama aliyelala. Akisema ililia, basi ndiye aliyemwita mumewe mtoni, na mtaa mzima unakosa viwanja kwa mdomo wake. Nilikwenda kukunja nguo ambazo nilikuwa nimeshazikunja.

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa mtaa, ng'ambo ya barabara, ukitazamana na saluni. Iliongozwa na mama mmoja mwenye miwani, sauti ya chini, mvumilivu. Afisa wa maafa alikuwepo na shati lililopigwa pasi. Mwenyekiti wa mtaa akaapa honi haikulia. Afisa akaapa ililia. Tukazomea, tukaambiwa tutatolewa nje. Kisha akaitwa msusi.

Wifi akasimama, kitana kimechomekwa nyweleni, alikisahau.

"Mama," akaulizwa, "king'ora kililia au hakikulia?"

"Kililia. Nilibonyeza mimi."

Ukumbi ukaguna. Nyuma yangu mtu akasema, "Ametumaliza huyu." Afisa akajiweka sawa kitini akatabasamu. Haki ya Mungu, nilitaka ardhi inimeze.

"Baada ya kupigiwa simu?" mama wa tume akauliza.

"Sikupigiwa simu. Niliona mto kwa macho yangu."

Tabasamu likamtoka afisa. "Kulikuwa na tatizo la mtandao," akasema.

"Dereva wa boza alinipata asubuhi ileile," wifi akasema. Hakusema kwa hasira. Ni hivyo tu alivyokuwa anasema kila kitu siku hizo.

Mama wa tume akaandika. "Na watu walipokisikia, walifanya nini? Walikaidi?"

"Hawakukaidi. Walikuja."

"Walikuja wapi?"

Wifi akatafuta namna ya kulieleza, nikamwona anashindwa. Mwisho akasema, "Naomba nikabonyeze, mwone wenyewe."

Mwenyekiti wa mtaa akaruka kusema haina haja, mheshimiwa, tutawatia watu hofu bure. Mama wa tume akamtazama juu ya miwani, akasema twendeni. Tukatoka wote hadi barazani. Jua kali, mto kule chini umetulia, mwembamba. Wifi akavuka barabara, akaingia saluni, honi ikalia.

Hakuna aliyetiwa hofu. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine, watu wakatoka na madumu. Mama mwenye mimba, dumu kichwani. Wazee wawili wanavuta mkokoteni mmoja. Muuza mkaa akapita mbele ya tume akatusalimia vizuri, akauliza leo kuna foleni kubwa? Walipita wanateremka kule kule, na sisi tuliokuja kuapa tulikaa tunawatazama. Pembeni yangu mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mlifundishwa hivi?" mama wa tume akamuuliza.

"Hatukufundishwa, mheshimiwa."

"Na ninyi mliona ni sawa?"

Afisa wa maafa alikuwa wa kwanza kurudi ndani.

Mimi nilibaki barazani kwa sababu nilimwona Kidoti. Alikuwa anatoka uani kwao na sare ya shule, dumu kila mkono, maana tangu baba yake afe ni yeye anayeteka. Anateremka mbio ili awahi. Honi ikakatika. Wifi akatoka saluni anakimbia, na sikuwa nimemwona akikimbia tangu siku ile. Akampita muuza mkaa, akampita yule mama mwenye mimba, akamshika mtoto mkono pale katikati ya mteremko. Nikawafuata nikihema.

"Mama, niache, nitachelewa!"

"Hakuna boza."

"Halijafika?"

"Haliji."

Kidoti akashusha madumu. "Sasa mbona umetuita?"

Wifi akapiga magoti palepale barabarani, watu wanatupita. Nilitaka kumzuia, na sikumzuia.

"Hivi ndivyo nilivyomwita baba yako," akasema. "Nilikuwa namwambia apande. Yeye akajua ni boza. Akachukua madumu, akanipungia, akateremka."

Mtoto akamwangalia mama yake, akaangalia mtoni, akaangalia madumu.

"Kwa hiyo hukulala," akasema.

"Sikulala."