Mafuta ya Mama, Poda ya Anti Noi

Harufu ya mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo hunishusha uso mpaka leo, hata nikiwa peke yangu jikoni. Mama alikuwa akiyapika mwenyewe. Jumamosi tulikwenda sokoni Cabramatta, mtaa wa hapa Sydney, hatua chache kutoka kwenye fleti yetu, akazitikisa nazi sikioni moja moja huku muuzaji akimtazama kwa subira, kisha akarudi kuzikuna kwa mbuzi aliyoibeba sandukuni kutoka Tanga. Tui lilichemka taratibu mpaka mafuta yakajitenga. Na kila asubuhi kabla ya shule nilisimama katikati ya magoti yake, naye akaanza na paji la uso, akashuka mashavuni, shingoni, viwikoni, akamalizia visigino ambavyo hakuna mtu angeviona ndani ya soksi. “Mtoto hatoki kwangu amepauka,” alisema. Mimi nikaenda shule ninametameta, yeye akaenda kwenye makao ya wazee kuogesha wazazi wa watu wengine.

Nilikuwa na miaka tisa Mama alipobadilishiwa zamu, akawa anarudi saa kumi na mbili jioni. Tulikuwa wawili tu, na hapakuwa na wa kuniangalia. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, mwanamke wa Kithai tuliyemwita Anti Noi, akasema nikitoka shule nikae saluni kwake. Saluni ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vitambaa: vitanda viwili, pazia, mashine ya mvuke, na harufu ya manjano, ukwaju na poda ya mnanaa. Manjano sikuyashangaa, maana hata kwetu bibi harusi hupakwa. Ukwaju ndio ulionishangaza, kwa sababu nilizoea kuuona kwenye glasi, sasa naukuta mashavuni mwa watu.

Wateja karibu wote walikuwa wanawake wa Kithai, wengine wapishi wa mikahawa, wengine wafanyakazi wa maghala ya Wetherill Park. Walikuwa wagumu kuridhika. Kopo jipya likija, kwanza walilinusa, kisha wakapaka tone nyuma ya mkono, wakasubiri, wakabonyeza kwa kidole. Kidole kikinata, kopo lilirudi rafuni bila mjadala. Walitaka kitu kinachozama upesi, kisichowasha, na matokeo yaonekane ndani ya wiki mbili. Wapo waliotaka weupe, wakasema hivyo waziwazi, na hata kuvuka barabara walifungua miavuli. Lakini wengi walichokitaka ni mng'ao, na mng'ao wao haukuwa wa mafuta. Mafuta usoni kwao yalikuwa jasho, jiko, zamu ndefu. Ngozi nzuri ilitakiwa ionekane ina maji ndani yake. “Mtu akikutazama,” Anti Noi alinieleza kwa Kiingereza, lugha tuliyoelewana, “ajue umelala vizuri, na kwamba yuko anayekujali.”

Basi fikiria alichokiona mimi nilipopanda ngazi zake siku ya kwanza, uso unawaka mafuta. Alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akanifuta polepole, akanipigapiga poda ya mnanaa mpaka mashavu yakapoa. Shuleni watoto walikuwa wakinicheka kwa kung'aa kwangu, na pale, mbele ya kioo chake, nilijiona nimefanana na watu. Kesho yake nikamletea uso mwenyewe. Jioni Mama alirudi akashtuka. “Nani kakupaka unga? Mbona umepauka hivi, kama mtoto asiye na kwao?” Nikamjibu, “Nobody, Mama. We were just playing.” Akashusha pumzi, akachukua chupa yake, akaanza upya. Ikawa hivyo kila siku. Wanawake wawili walinihudumia, kila mmoja akifuta kazi ya mwenzake, na mimi niliyejua nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nafaidi mikono yote.

Siku moja Anti Noi alisita, kitambaa kikiwa hewani. “Haya mafuta anakupaka mama yako? Nisije nikamkosea.” Nilijua nikisema ndiyo atakiweka kitambaa chini, na poda itakuwa imeishia hapo. Nikasema, “Hapana. Mama hana muda na mimi. Najipaka mwenyewe, mafuta ya kupikia.” Sijui hayo ya kupikia niliyatoa wapi. Anti Noi aliwatafsiria wateja wawili waliokuwa wamelala vitandani. Mmoja akasikitika kwa sauti, mwingine akainuka na tango machoni, akanipapasa kichwa. Niliipenda ile huruma. Nikisema ukweli, hilo ndilo linaloniuma kuliko uongo wenyewe.

Wiki chache baadaye Mama alipata siku ya mapumziko, akaja kunichukua mwenyewe. Alivaa kitenge chake cha kutokea, na uso wake aliupaka vizuri kama alivyonipaka mimi. Mkononi alikuwa na chupa ya mafuta ya nazi aliyoifunga utepe, zawadi ya kumpa Anti Noi kwa wema wake. Hakuwahi kuitoa. Anti Noi aliunganisha viganja, akainamisha kichwa, akawahi kusema, na alisema kwa moyo safi kabisa, “Dada, usijali. Najua kazi zako ni nyingi. Ngozi ya mtoto naitunza mimi. Mafuta ya kupikia si mazuri kwake.”

Vitanda vyote viwili vilikuwa na watu. Mama aliitazama ile chupa, kisha akanitazama mimi, na mimi nikatazama vigae vya sakafu. Angeweza kufungua kizibo tu wakasikia harufu, mambo yakaisha. Angeweza kuniuliza pale pale nani hunipaka mafuta asubuhi. Nilisubiri kuumbuka. “Yes,” alisema kwa Kiingereza chake cha kazini, “too much work. Thank you for helping me.” Akairudisha chupa mkobani. Alinisitiri. Alikubali kuonekana mama mzembe mbele ya wanawake asiowajua, ili mwanawe asionekane mwongo.

Njiani hakunigombeza. Alinishika mkono kama kawaida, akaniuliza habari za shule. Asubuhi yake nilikwenda kusimama mahali pangu, nikakuta magoti yamefungwa na chupa iko mezani. “Jipake,” alisema. “Si unajua?” Hakunipaka tena. Nilijipaka mwenyewe, viwiko nikivisahau, na saluni niliendelea kwenda mpaka mwaka ukaisha, nikifutwa na kupodolewa, na sikusema neno. Kisha tukahamia Auburn, na baadaye nikasikia Anti Noi amefunga saluni amerudi kwao.

Leo bafuni kwangu pana safu ya chupa, kila moja inaahidi mng'ao, na nikinunua mpya huinusa, hubonyeza kwa kidole, na ikinata siitaki. Mama anaishi nami sasa. Magoti yamechoka, na baridi ya Sydney inampausha miguu. Mwezi uliopita nilipasha mafuta ya nazi, nikapiga magoti mbele yake, nikaanza na visigino. Alinusa, akaniangalia. “Ya kupikia haya?” Miaka yote hiyo hakuwahi kuligusa. Nilitaka kucheka nikashindwa. Nilimwomba msamaha, mikono imejaa mafuta, nikilia kama ndiyo kwanza nina miaka tisa. “Mimi nilishakusamehe siku ile ile,” alisema. “Yule mwenzangu ndiye hajui mpaka leo.”

Nimekwenda Cabramatta kuulizia. Chumba kile sasa kinauza chai, na muuza vitambaa wa chini ni mgeni, hamjui. Kwa hiyo naliandika hapa, nikiwa nimechelewa sana. Anti Noi, yale yalikuwa mafuta ya nazi. Mama aliyapika mwenyewe, na alinipaka kila asubuhi, mpaka visigino.