Siku Georgette Alipotembeza Wageni Pori la Baba Yake

Georgette na mimi tunaimba pamoja katika kwaya ya wamama hapa Baraka. Ana sauti ya chini, ile inayoshika wimbo usianguke. Wengi wanamjua kama mama anayeuza sombe, majani ya muhogo, karibu na barabara, asiyesema mengi. Mimi namjua tangu alipokuwa bado Lubondja, kule juu, nilipokuwa nikienda kwake wakati wa mavuno ya karanga. Ameniruhusu niandike habari hii. Aliniomba tu nisiongeze chumvi.

Baba yake alikuwa na pori juu ya Lubondja. Si shamba, ni pori lenyewe, na miti ambayo watu wakishikana mikono bado hawaizungushi. Mzee aliweka mizinga ya nyuki humo na kuchuma uyoga, lakini kukata miti alikataa maisha yake yote. Alipoanza kuugua, Raphaël, mtoto wake wa mwisho, alikuwa shuleni Bukavu. Basi mzee alimwita Georgette, akamwita kapita, mkuu wa kijiji, awe shahidi, akakanyaga naye mpaka wa pori, kijito kwa kijito.

Kwetu ardhi ya ukoo inatolewa hivyo. Anayetoa anatangulia, anayepokea anafuata nyuma yake, mguu palepale alipotoa mwenzake. Kapita anavunja tawi dogo kwenye kila alama. Mwishoni, anayetoa na anayepokea wanakula katika sahani moja. Wakiisha kula, imekwisha, hakuna wa kugeuza.

Georgette hakujaliwa kuzaa. Mtoto wake alikuwa Raphaël, kwa sababu mama yao alikufa mapema, naye ndiye aliyembeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Raphaël alisoma, akapata kazi Bukavu, akaoa Alida, binti wa Uvira. Halafu akaanza kusema kwamba kuna watu wanaotafuta mbao, kwamba pori limelala bure. Georgette alimjibu kwa upole kila mara: baba alimpa achunge, hakumpa auze. Mara ya mwisho Raphaël alikata simu na hakupiga tena kwa muda mrefu.

Kwa hiyo alipopiga tena, karibu na vakansi kubwa ya shule, dada yake alilia kwa furaha. Raphaël alisema watoto wake wanamwona sokomutu, yaani sokwe, kwenye kitabu tu, hawajui hata harufu ya pori la babu yao. Angewaleta wote, mke na watoto, shangazi yao awatembeze. Georgette alikandika nyumba upya kwa udongo mweupe. Akaniita nije kumsaidia kupika.

Walifika na jeep iliyojaa vumbi. Alida alikuwa na viatu vyeupe, Nella, binti yao mkubwa, alikuwa na maswali tangu mlangoni, na mdogo wake alishika kofia yake kwa mikono miwili kama nyani wangeiiba palepale. Pamoja nao alishuka bwana mmoja, Placide. Raphaël alituambia ni mwenzake wa maombi huko Bukavu, mtu anayependa ndege. Tulimkaribisha kama mtu wa nyumba.

Asubuhi tulimkuta kapita Albert ameketi uani, amevaa kofia yake. Raphaël alisema amemwomba atusindikize, siku hizi pori si la kuingia hivihivi. Hakuna aliyeshangaa. Na sisi wamama tulifurahi kuwa na mwanamume mwenye panga.

Georgette alitangulia. Nyuma yake Placide, halafu watoto, Alida na Raphaël. Mimi na sufuria kichwani, na Albert wa mwisho. Sijawahi kumwona Georgette akisema vile. Kila mti ulikuwa na jina lake, kila jina na habari yake. Siafu walipopanda viatu vyeupe, Alida alicheza ngoma ambayo hatukumfundisha, na Georgette akamwambia, "Muke ya kaka, siafu banapenda batu ya muji, damu yabo iko na sukari." Tulicheka mpaka nikaishusha sufuria.

Juu ya kijito aliwaonyesha watoto matawi yaliyokunjwa kama kiota kikubwa. Alisema ni kitanda cha sokomutu, anatandika kipya kila jioni.

"Kila jioni, tantini?" Nella akamwuliza shangazi yake. "Na cha jana?"

"Anakiacha. Hata we ungekuwa sokomutu, mama yako asingekutuma kufua mashuka."

Mbega waliruka juu yetu, mikia myeupe inaning'inia. Hondohondo walipita, mabawa yakivuma kama mtu anayepepea moto. Sote tuliinua macho. Placide hakuinua. Alikuwa amesimama kando ya mti, akiupigapiga kwa kiganja, kama tunavyopiga mtungi kusikia kama una ufa.

Watoto walitaka kukatiza katikati ya pori, lakini Raphaël alisema tufuate vijito, ndipo wanyama wanakunywa. Nyuma yangu nilimsikia Albert akivunja vitawi, hapa kimoja, mbele kimoja. Nikafikiri anatuwekea alama za kurudi.

Kwenye kijito cha mwisho tulitandika majani, nikapakua bugali, sombe na samaki wa kukausha, mugebuka. Nilikuwa nimempa Placide sahani yake. Raphaël aliiondoa mkononi mwa mgeni, akaiweka kati yake na Georgette. "Yaya," akamwambia dada yake, "kula na mugeni, peke yake atasikia haya." Georgette akasogea. Akachagua kipande kikubwa cha samaki, akakisukuma upande wa mgeni, wakala. Albert alivua kofia. Nilidhani anashukuru chakula.

Walipoondoka, Nella alimkumbatia shangazi yake, hakutaka kupanda gari. Georgette alikaa na furaha ile mpaka mvua za kwanza. Halafu asubuhi moja akasikia mashini ya kukata miti juu ya kijito.

Alikimbia. Akakuta mti umelala, na wanaume wanaupasua mbao. Placide alikuwepo, amevaa buti. Alimsalimia vizuri, akamuuliza habari za nyumbani. Georgette akageuka, akashuka mpaka kwa Albert.

"Kapita, batu banakata pori ya baba."

"Ni pori ya Placide, mama. We mwenyewe ulimukanyagisha mupaka."

"Nilitembeza batoto."

"Batoto balikuwa nyuma. Ulitangulia, akakufuata, mukakula sahani moja. Mi nilivunja matawi na haukunikataza."

Aliniambia kwamba hapo alikaa chini kwenye udongo. Jioni alimpigia Raphaël. Raphaël hakukana. Alisema tu, "Yaya, kama ningekuomba, ungekataa."

"Uliomba. Nilikataa. Ulisikia." Halafu akauliza, "Batoto balijua?"

"Batoto hapana."

"Na Alida?"

Raphaël akakata simu, na Georgette akajua.

Mchungaji na wazee wa ukoo walikaa juu ya jambo hilo. Waliniita mimi pia, kwa sababu nilikuwepo. Georgette alinishika mkono tulipokuwa tunaingia, akanong'ona kwamba Mungu amemwachia shahidi. Wakaniuliza nani alitangulia. Nikasema Georgette. Nani alifuata. Placide. Kama nilisikia matawi. Nilisikia. Kama walikula sahani moja. Walikula. Nikaongeza kwamba ilikuwa vakansi, kwamba watoto walikuwa wanacheka, kwamba hakuna neno la kutoa lililosemwa. Mzee mmoja akanijibu kwa huruma kwamba kukanyaga mpaka hakujawahi kuhitaji neno, na wakivunja sahani hii, mipaka yote ya Lubondja itaanza kugombaniwa kesho. Walimwonea haya Georgette, hawakumtazama machoni. Lakini pori likabaki kwa Placide.

Nilisema kweli mbele ya Mungu, na kweli ile ilimsaidia mwongo. Nimeomba sana juu ya jambo hili. Georgette hakunilaumu hata mara moja. Aliniomba tu nimtafutie chumba Baraka, kwa sababu usingizi haukai na sauti ya mashini.

Mwaka jana Raphaël alikuja hapa, na kitenge kizuri chini ya kwapa. Tulikuwa uani tukichambua sombe. Alisimama akasema, "Yaya." Georgette aliinuka, akanawa mikono, akamtolea kiti kizuri na kukiweka nje, kivulini. Akamletea maji kwenye sinia.

"Karibu, mugeni," akasema.

Raphaël alimwangalia. "Yaya, mi ni mugeni?"

"Kunywa maji, baba. Umetoka mbali."

Aliuliza habari za watoto, kila mmoja kwa jina lake. Alitaka kujua kama Nella amepita darasa, akafurahi kweli aliposikia amepita. Kitenge alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya meza ya nje pamoja na ile sinia. Juu ya pori hakusema neno, na Raphaël hakupata mahali pa kuanzia.

Jua lilipoanza kushuka, Raphaël alisimama. Akasema kama alivyozoea tangu alipokuwa mtoto, "Niombee basi, kabla ya njia." Georgette akafumba macho, na mimi nikafumba. Aliombea dereva. Aliombea barabara ya Uvira, madaraja yake na wanajeshi wake. Aliombea watoto, akawataja. Mwishoni akamwomba Mungu amfikishe salama huyu msafiri, akasema amina. Jina la Raphaël hakulitaja.