Kipa wa Timu Tisa na Ng'ombe wa Rwakabuba

Parfait Nkusi, mtoto wa kaka yangu, alidakia timu tisa mpaka goti lilipomkatalia mwaka 2015, na hakuna hata moja iliyomweka miaka miwili. Mimi nilifika darasa la sita tu, lakini timu zote tisa nazitaja kwa mfuatano. Yeye mwenyewe huruka mbili.

Tulifika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mwaka 1998 kutoka Kivu ya Kusini, naye ana miaka kumi na sita. Baadaye wanajeshi wa kikosi cha Makenke walimwona akidaka hapa kambini, wakamchukua kwenye timu yao msimu mmoja. Tangu hapo alikwenda popote kipa alipovunjika kidole. Alilipwa kwa mechi, akalala kwa watu.

Kule Kakiika alilala kwa mfugaji mmoja Munyankole, mzee Rwakabuba, mwenye timu ya pale. Msimu ulipokwisha mzee hakumpa mkataba. Alimpa ng'ombe, mtamba mwekundu. Kwetu, na kwao vilevile, aliyekupa ng'ombe humgeukii. Hamshindani kwa lolote, basi.

Mwaka 2008 alikuwa Nyamityobora, timu ya sita. Kocha Karekezi, askari mstaafu, akamwambia, "Imebaki mechi moja. Tukishinda tunapanda ligi, na wewe unasaini miaka miwili."

Mechi yenyewe ilikuwa na Kakiika. Parfait akasema hataweza.

"Umeumia?"

"Hapana, afande. Ule muzee wa Kakiika alinipatiaka ng'ombe."

Karekezi alicheka hadi akashika magoti. "Na hiyo ng'ombe inacheza namba gani?"

Parfait alikuja kwangu. "Shangazi, nifanye je?"

"Baba yako angekaa pembeni," nikamwambia.

Kumwendea mzee kuomba ruhusa ilikuwa aibu. Ni kumwambia kwamba zawadi yake imekuwa kamba. Basi Parfait akakaa pembeni, glavu hakuvaa. Nyamityobora wakashinda mbili kwa moja. Kipa mwingine akasaini.

Wiki mbili zikapita, Rwakabuba akaja Nakivale kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Nilikuja uwanjani kukuona wewe. Kwa nini hukucheza?"

"Ni juu ya ile ng'ombe, muzee."

"Wewe! Ungeniuliza, ningekuambia daka hata penalti ya mtoto wangu."

"Ningekuuliza namna gani, muzee?"

Nikamwongezea mzee maziwa, akayanywa yote.

"Kweli," akasema. "Haiulizwi."

Mwaka uliofuata ng'ombe alizaa jike. Ndama alipokua, Parfait alimrudishia mzee shukrani, kama inavyotakiwa kwa ng'ombe wa zawadi: akamswaga ndama huyo hadi Kakiika, siku tatu kwa miguu. Kwa sababu hiyo alikosa mechi mbili za timu ya saba. Kocha wa timu hiyo akamfukuza, na Parfait hakujisumbua kumweleza.