Birika Moja kwa Majamvi Kumi na Mawili

Nilitoka Tabora kwa treni, kisha nikapanda basi la kusini ambalo lilinasa kwenye tope mpaka abiria tukapeana majina ya utani. Hivyo ndivyo nilivyofika kijiji kimoja karibu na Nanyamba, miaka ya tisini, kufundisha hesabu kwa majaribio. Mwalimu mkuu alisema angeamua baada ya harusi ya binti yake kama nibaki.

Basi nikajitia kimbelembele kwenye maandalizi ya harusi hiyo. Majamvi ya wageni yalikuwa kumi na mawili, na kila moja lilihitaji sinia la pilau na birika la kunawia. Nikaokota mkaa, nikaandika kwenye ukuta wa jiko: 12(s + b) = 12s + b.

"Masinia kumi na mawili, birika moja," nikamwambia mama wa bibi harusi.

"Haya, mwalimu kasema," akajibu, akayarudisha mabirika aliyokuwa ameazima kwa majirani.

Pilau ikaandaliwa. Wageni wakakaa wameinua mikono mikavu, birika bado lipo jamvi la kwanza. Mkuu akaja mbio jikoni, akausoma ukuta.

"Mwalimu! Umezidisha sinia, birika ukaliacha? Ndiyo kufungua mabano huko?"

Mwanafunzi wangu mmoja akasimama kunitetea, kwa sauti ya kusikika uwanja mzima.

"Mkuu, usimwonee! Hata darasani ndivyo anavyotufundisha!"

Nilidandia lori la korosho lililokuwa likienda bandarini kabla hawajamaliza kunawa. Sikurudi tena, na ile pilau naitamani hadi leo.